Kufukuzwa kwenda nchi ya tatu: Haki ya kusikilizwa yapimwa kwa saa

WANAUME wanane waliopandishwa ndege nchini Marekani Mei 20, 2025 walikuwa wamearifiwa juu ya safari yao muda usiotimia saa 24 kabla ya kuondoka. Mmoja tu kati yao alikuwa mzaliwa wa Sudan Kusini, nchi ambayo ndege hiyo ilikusudia kutua. Wengine walikuwa raia wa Cuba, Laos, Mexico, Myanmar na Vietnam, na hawakuwa na ndugu, lugha wala jambo lolote lililowaunganisha na mji wa Juba.

Ndege hiyo haikufika Juba. Jaji Brian Murphy wa mahakama ya shirikisho mjini Boston alikuwa ametoa amri mwezi mmoja nyuma kwamba asiwepo mtu atakayepelekwa katika nchi isiyo yake bila taarifa ya maandishi, katika lugha anayoielewa, na bila nafasi ya kueleza kama anahofia kuteswa huko. Mei 21 jaji huyo alitamka kuwa serikali imekiuka amri yake. Wanaume hao wakabaki Djibouti, ndani ya kambi ya kijeshi ya Marekani iitwayo Lemonnier, wakilindwa katika kontena lililogeuzwa kuwa chumba cha mikutano. Wakakaa humo kwa wiki kadhaa wakati mawakili wakibishana maelfu ya kilometa kutoka hapo. Mwanzoni mwa Julai, baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuiondolea nguvu amri ya Boston, walikabidhiwa Sudan Kusini.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, habari hizi zaweza kuonekana kuwa za mbali. Ukweli ni kwamba zimekwisha kufika mlangoni. Sudan Kusini, Rwanda na Uganda, zote tatu zikiwa wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika mwaka 2025 ziliingia kwenye orodha ya nchi zilizokubali kupokea watu wanaofukuzwa Marekani ambao si raia wao. Eswatini na Ghana nazo zilifanya hivyo.

Ukiondoa kelele za kisiasa zinazolizunguka suala hili, mashauri yote yaliyofika mbele ya majaji yanarudi kwenye jambo moja. Hakuna mahakama iliyosema kuwa serikali haina mamlaka ya kumwondoa mgeni asiye na haki ya kukaa. Ubishi uko kwingine: mtu huyo apewe muda gani na taarifa gani kabla ya kupelekwa mahali asipopajua, na ni nani wa kupima kama huko aendako kuna usalama.

Nchi ya tatu yatoka wapi?

Kwa kawaida mtu anayeamriwa kuondoka hurudishwa kwao. Lakini kuna makundi mawili ambayo kwa miaka mingi yaliwasumbua watawala wa Marekani. La kwanza ni la watu ambao nchi zao hazitaki kuwapokea au huchelewesha hati zao za kusafiria. Cuba, Laos na Vietnam zimetajwa mara kwa mara katika kundi hilo. La pili ni la wale ambao jaji wa uhamiaji aliamua kwamba wakirudishwa kwao watateswa au kuuawa.

Kuhusu kundi la kwanza, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2001, katika shauri la Zadvydas, kwamba serikali haiwezi kumfunga mtu bila kikomo kwa sababu tu nchi yake haimtaki. Miezi 6 ikipita baada ya amri ya kuondoka, na pasiwepo dalili ya maana kwamba safari itawezekana, mtu huyo aachiwe. Maelfu waliachiwa kwa utaratibu huo, wakaendelea kuishi nchini humo huku wakiripoti katika ofisi za uhamiaji kila baada ya muda.

Kuhusu kundi la pili, sheria ina mwanya ambao wengi hawakuujali mpaka ulipotumiwa. Kinga anayopewa mtu huyo haisemi kwamba ana haki ya kubaki Marekani. Inasema tu kwamba asipelekwe katika nchi fulani iliyotajwa. Mtu aliyekingwa asirudishwe Gambia, kwa mfano, hana kinga ya kutopelekwa Ghana. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inaruhusu, pale njia nyingine zinaposhindikana, kumpeleka mtu katika nchi yoyote iliyo tayari kumpokea.

Aidha, mwaka 2005 Mahakama ya Juu iliipa serikali nafasi kubwa zaidi katika kuchagua mahali pa kumpeleka mtu. Katika shauri la mkimbizi mmoja wa Kisomali aliyepatikana na hatia ya kosa la jinai, majaji 5 dhidi ya 4 waliamua kuwa angeweza kurudishwa Somalia ingawa wakati huo hapakuwa na serikali kuu ya kutoa ridhaa ya kumpokea. Hivyo zana zote za kisheria zilikuwapo tangu zamani. Kilichokosekana ni serikali ya kuzitumia kwa wingi, na nchi za kupokea.

Serikali ya Rais Donald Trump, iliyorudi madarakani Januari 2025, ilizipata zote mbili. Mwezi Februari maofisa wa uhamiaji walielekezwa kupitia upya majalada ya watu walioachiwa zamani, ili kuona ni nani anaweza kukamatwa tena na kupelekwa nchi ya tatu. Mtu aliyeishi miaka 10 akiripoti kila alipotakiwa, akijua kesi yake imekwisha, akawa hajui tena kama atatoka katika ofisi aliyokwenda kuripoti.

Saa 24 mbili tofauti

Mwezi Machi 2025 serikali ilitumia sheria ya mwaka 1798 kuhusu raia wa nchi adui kuwapeleka raia wa Venezuela zaidi ya 130 katika gereza la CECOT nchini El Salvador, bila wao kufikishwa mbele ya jaji yeyote kujibu tuhuma za kuwa wanachama wa genge la wahalifu. Walikaa gerezani humo hadi Julai, walipobadilishana na wafungwa walioshikiliwa Venezuela.

Aprili 7 Mahakama ya Juu iligawanyika kuhusu ni mahakama ipi ilipaswa kusikiliza malalamiko yao, lakini majaji wote 9 walikubaliana katika jambo moja: mtu anayetakiwa kuondolewa kwa sheria hiyo lazima aarifiwe mapema, kwa namna itakayomwezesha kweli kwenda mahakamani. Serikali ikapanga utaratibu wa kumpa mtu muda wa saa 12 kusema kama anataka kupinga, na saa nyingine 24 za kufungua shauri. Mei 16 mahakama hiyo ilirudi kwenye suala hilo na kusema waziwazi kwamba taarifa ya saa 24 tu kabla ya safari, isiyoeleza hata jinsi ya kudai haki, haitoshi kisheria.

Msomaji angetarajia kwamba kanuni hiyo ingetawala pia shauri la Boston. Haikuwa hivyo. Juni 23, chini ya wiki sita baada ya uamuzi wa Mei 16, mahakama hiyohiyo ilisimamisha amri ya Jaji Murphy bila kutoa sababu hata moja. Jaji Sonia Sotomayor, akiungwa mkono na majaji Elena Kagan na Ketanji Brown Jackson, aliandika maoni marefu ya kupinga, akieleza kuwa wenzake wameizawadia serikali iliyokaidi amri halali za mahakama huku maisha ya watu yakiwa hatarini.

Ni kweli kwamba uamuzi wa Juni 23 haukuwa hukumu ya shauri lenyewe. Ulikuwa amri ya muda, na amri za namna hiyo hutolewa wakati rufaa zikiendelea. Lakini katika mambo ya kufukuza watu, amri ya muda mara nyingi ndiyo hukumu ya mwisho. Mtu akishapelekwa Juba au Matsapha, ushindi wa mawakili wake mwaka mmoja baadaye hauna ndege ya kumrudisha.

Matokeo yalionekana upesi. Julai 9 idara ya uhamiaji na forodha ya Marekani, ICE, ilitoa waraka kwa watumishi wake. Kwa mujibu wa waraka huo, iwapo nchi inayopokea imetoa ahadi kwamba haitawatesa watu hao, na wizara ya mambo ya nje ya Marekani ikaiamini ahadi hiyo, mtu anaweza kupelekwa huko bila taarifa yoyote ya awali. Pasipokuwapo ahadi, apewe taarifa ya saa 24. Na katika hali ya dharura, saa 6. Ofisa hatakiwi kumuuliza kama ana hofu. Ni juu ya mtu mwenyewe kusema, bila kuulizwa, katika muda huo.

Inafaa kutazama maana yake. Mzaliwa wa Laos, aliyepo mahabusu, anaambiwa asubuhi kwamba kesho atapelekwa Eswatini. Kabla ya kesho anatakiwa ajue Eswatini iko wapi, serikali yake ikoje, magereza yake yakoje, ampate wakili, na aeleze kwa hoja kwa nini anaogopa. Hata mwanasheria mwenye ofisi, vitabu na simu asingeimaliza kazi hiyo katika saa 6.

Hoja za serikali

Haitakuwa haki kusema kwamba upande wa serikali hauna hoja. Wanaume wanane waliopelekwa Juba walikuwa wamepatikana na hatia ya makosa mazito, yakiwamo mauaji. Serikali ilihoji kwa nini nchi yoyote ibaki na mtu wa namna hiyo kwa sababu tu nchi yake imekataa kumchukua. Ilisema pia kwamba bunge limeipa mamlaka hayo, kwamba jaji wa wilaya hana uwezo wa kuyawekea masharti mapya, na kwamba Rais alichaguliwa akiwa ameahidi hadharani kufukuza watu kwa wingi.

Hoja hizo zina uzito mbele ya wananchi, na mwanasiasa anayezipuuza hujikuta nje ya ofisi. Hata hivyo, baadhi yake hazikusimama zilipopimwa. Mwanamume wa Mexico aliyekuwa miongoni mwa wale wanane alirudishwa Mexico na Sudan Kusini yenyewe mwezi Septemba 2025. Mmoja wa watu watano waliopelekwa Eswatini mwezi Julai, raia wa Jamaica, naye alirudi kwao mwezi huohuo wa Septemba, na serikali ya Jamaica ilikuwa imekwisha kusema kwamba haikuwahi kumkataa. Swali lililobaki bila jibu ni kwa nini mtu wa Jamaica, kisiwa kilicho karibu na Florida, alipaswa kuvushwa bahari hadi kusini mwa Afrika, kisha arudishwe alikopaswa kupelekwa tangu mwanzo.

Hili ndilo jambo ambalo usikilizwaji hufanya. Haumwachii mhalifu huru, bali humlazimisha ofisa aeleze mbele ya mtu asiye mkubwa wake wa kazi kwa nini ameamua alivyoamua. Na hapa pana udhaifu mwingine. Majaji wa uhamiaji wa Marekani, tofauti na akina Murphy, si sehemu ya mhimili wa mahakama; wako chini ya wizara ya sheria, na waziri anaweza kuwaondoa. Katika mwaka 2025 makumi yao waliondolewa, ilhali mashauri yaliyokuwa yakisubiri yalizidi milioni 3.

Somo la London

Swali hilohilo lilikwisha kuamuliwa kwa namna nyingine nchini Uingereza, na nchi iliyokuwa katikati ilikuwa jirani wa Tanzania. Itakumbukwa kwamba Aprili 14, 2022 serikali ya Waziri Mkuu Boris Johnson ilitangaza makubaliano na Kigali: waomba hifadhi wanaovuka bahari kutoka Ufaransa kwa vyombo vidogo wangepelekwa Rwanda, maombi yao yangeamuliwa huko, na watakaokubaliwa wangebaki huko. Katika mwaka huo pekee watu zaidi ya 45,000 walivuka kwa njia hiyo, na shinikizo la kisiasa lilikuwa kubwa.

Ndege ya kwanza ilikuwa tayari kuruka Juni 14, 2022. Ilizuiwa usiku huo kwa hatua ya dharura ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu mjini London ilisema sera hiyo ni halali. Juni 2023 Mahakama ya Rufani, kwa majaji 2 dhidi ya 1, ikasema si halali. Novemba 15, 2023 Mahakama ya Juu, kwa kauli moja ya majaji wake 5 wakiongozwa na Lord Reed, ikafunga mjadala wa kisheria.

Majaji hao hawakusema kwamba Rwanda iliweka saini kwa nia mbaya. Walichosema ni kwamba ahadi ya serikali ni ushahidi mmoja tu, na ni lazima ipimwe pamoja na mwenendo. Walisoma ushahidi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, kuhusu maombi ya watu kutoka Syria, Yemen na Afghanistan yaliyokataliwa yote katika miaka ya 2020 hadi 2022. Walitazama pia makubaliano ya awali kati ya Israel na Rwanda, ambapo watu waliopelekwa Kigali walijikuta wakivushwa kinyemela kuingia Uganda. Wakahitimisha kwamba palikuwapo hatari ya kweli ya mtu mwenye haki ya hifadhi kuishia mikononi mwa wale aliowakimbia.

Kigali haikufurahishwa na hitimisho hilo, na ina la kusema: tangu mwaka 2019 imekuwa ikiwapokea wakimbizi waliookolewa kutoka Libya kwa ushirikiano na UNHCR na Umoja wa Afrika. Serikali ya Uingereza nayo haikukata tamaa. Desemba 2023 ilitia saini mkataba mpya, na Aprili 2024 bunge lilipitisha sheria iliyotamka kwamba Rwanda ni nchi salama na kuwataka majaji waamini hivyo. Kwa maneno mengine, ushahidi uliposhindwa mahakamani, jambo lenyewe likageuzwa kuwa kifungu cha sheria.

Mpango huo ulikufa Julai 2024 baada ya chama cha Labour kushinda uchaguzi. Serikali mpya ilisema pauni milioni 700 zilikuwa zimetumika, na waliofika Rwanda walikuwa watu wanne tu, tena kwa hiari yao.

Tofauti ya London na Washington basi haiko katika ukali wa viongozi, kwani pande zote mbili walitaka ndege ziruke. Iko katika kile majaji walichokubali kukitazama. London walifungua jalada la nchi inayopokea, wakalisoma ukurasa kwa ukurasa. Washington, angalau katika amri ya Juni 23, jalada halikufunguliwa. Ahadi ya kidiplomasia ikaachwa ifanye kazi ya ushahidi.

Zamu ya Afrika

Baada ya hapo milango ilifunguka mfululizo. Agosti 5, 2025 Rwanda ilitangaza kukubali hadi watu 250, ikisema itakuwa na uwezo wa kumkubali au kumkataa kila mmoja na kwamba itawapa mafunzo, matibabu na makazi. Watu saba wa kwanza walifika mwezi huohuo. Agosti 21 wizara ya mambo ya nje ya Uganda ilitangaza makubaliano ya muda, yenye masharti kwamba wasiwe wenye rekodi ya uhalifu wala watoto wasio na walezi, na kwamba ingependelea Waafrika. Siku moja tu nyuma, ofisa mwingine wa serikali hiyo alikuwa amekanusha. Wanasiasa wa upinzani walilalamika kwamba bunge halikuhusishwa.

Uganda ndiyo nchi inayohifadhi wakimbizi wengi kuliko zote barani Afrika, zaidi ya milioni 1.7, na sifa hiyo imeijengea heshima. Lakini kumpokea Mkongo aliyevuka Bunagana akikimbia risasi si sawa na kumpokea mtu aliyeletwa kwa pingu kutoka Texas. Wa kwanza amekuja kutafuta usalama, wa pili ameletwa kwa sababu pande mbili zimekubaliana bila yeye. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakumzungumzia mgeni anayekuja na hundi.

Hundi hizo zipo. Eswatini ililipwa dola milioni 5.1 katika makubaliano ya kupokea hadi watu 160. Watu watano wa kwanza, waliokuwa wamemaliza vifungo vyao Marekani, waliwekwa katika gereza lenye ulinzi mkali la Matsapha bila kushtakiwa kwa kosa lolote nchini humo. Mawakili wa Eswatini walilazimika kwenda mahakamani kuomba tu waruhusiwe kuwaona, na walipopata uamuzi mwezi Oktoba, serikali ikakata rufaa.

Mfano wa Ghana ni mchungu zaidi. Septemba 2025 nchi hiyo ilipokea watu 14 wa Afrika Magharibi, baadhi yao wakiwa na kinga za majaji wa Marekani zilizokataza wasirudishwe kwao. Mmoja, raia wa Gambia, alikuwa amekwisha kusafirishwa hadi nchi ileile aliyokingwa nayo. Mawakili wa wengine walikimbilia kwa Jaji Tanya Chutkan mjini Washington. Alisema wazi kwamba tukio hilo linamtia wasiwasi, lakini watu hao hawako tena mikononi mwa Marekani na yeye hana mamlaka juu ya Ghana. Kilichohofiwa na majaji wa London kuhusu Rwanda kikawa kimetokea Accra, na hapakuwa na jaji wa kukizuia.

Arusha na Sirari

Kama milango ya mahakama za Marekani hufungwa ndege inapotua, je, mahakama za Afrika ziko wazi? Jibu ni kwamba sheria ipo, njia ya kuifikia ndiyo nyembamba.

Mwaka 2013 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki yenye makao yake Arusha iliamua shauri la wakili wa Kenya aliyezuiwa kuingia Uganda na kurudishwa kutoka Entebbe bila kuelezwa sababu. Uganda ilitetea mamlaka yake ya kumkataa mtu. Majaji walisema mamlaka hayo yapo, lakini kuyatumia bila kumweleza mhusika sababu na bila kumsikiliza ni kukiuka mkataba wa jumuiya.

Machi 22, 2018, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo ya Arusha, iliihukumu Tanzania. Mwanamume mmoja alikwenda polisi kufuata taratibu za ndoa yake, pasipoti yake ikazuiwa kwa madai kwamba si raia. Mwaka 2014 alipelekwa Kenya. Kenya nayo ikasema si wake, ikamrudisha. Akaishia kuishi katika kipande cha ardhi kati ya Sirari na Isebania, katikati ya vituo viwili vya mpakani, asiyekubaliwa kokote. Mahakama ilisema alinyang'anywa uraia kiholela, alifukuzwa kiholela, na hakupewa nafasi ya kusikilizwa mbele ya mahakama. Ikaitaka Tanzania irekebishe sheria zake ili mtu mwenye mgogoro wa namna hiyo apate pa kulalamika.

Hukumu hiyo ilikuja wakati maelfu ya familia za Kagera na Kigoma zikiwa bado zinakumbuka mwaka 2013, pale watu waliodaiwa kuwa wahamiaji haramu, wengine wakiwa wameishi nchini kwa miongo kadhaa, walipoamriwa kuondoka kurudi Rwanda, Burundi na Uganda. Wengi waliondoka bila kufika mbele ya hakimu. Ni vigumu kumshangaa mtawala wa mbali anayehesabu saa, wakati nyumbani pia zilikwisha kuhesabiwa.

Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kupeleka malalamiko moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika. Rwanda ilikuwa imefanya vivyo hivyo mwaka 2016. Uganda haijawahi kuweka tamko hilo. Kwa hiyo mtu wa Vietnam au Cuba atakayeletwa Kigali au Kampala hatakuwa na njia ya kwenda Arusha kwa mlango huo, ingawa Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao nchi zote hizo zimeuridhia, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mgeni aliyeingia kihalali afukuzwe tu kwa uamuzi uliofuata sheria.

Mambo yanayoweza kudaiwa na wananchi wa nchi zinazopokea ni ya kawaida kabisa: mikataba itangazwe na kujadiliwa bungeni, ijulikane fedha kiasi gani zimelipwa na kwa nani, anayeletwa aonane na wakili tangu siku ya kwanza, asifungwe bila kosa, na iandikwe bayana kwamba hatasukumwa kwenda nchi aliyokingwa nayo. Hakuna lolote kati ya hayo linaloizuia serikali yoyote kulinda mipaka yake.

Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa. Haitaji saa. Waandishi wake walidhani neno "ukamilifu" linatosha. Yaliyotokea Boston, London, Accra na Sirari yanaonyesha kwamba halitoshi mpaka awepo jaji mwenye uwezo wa kuisimamisha ndege, na mtu aliyepewa muda wa kumfikia.